Sentimita 120 za Nani? Kritiki Ndogo Juu ya Kuta Zenye Ordinatere Inatuchorea



Leo siko na habari ya bursi wala ya kazi mpya. Nataka tuongee juu ya kitu yenye wengi wetu tuliosoma ujenzi ao arshitekture tunafanya kila siku bila kujiuliza: kuchora ukuta wa bloki ndani ya ordinatere, kisha kuutoboa kwa kubonyeza mara moja tu, dirisha inakaa, tunaendelea. Itakuwa kritiki, na itakuwa kali kidogo. Lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili mtu asiseme niko nahukumu wengine toka juu ya muti.

Mwaka wangu wa mwisho, kwa TFE, niliandika programu ndogo ndani ya AutoCAD, kwa ile lugha yake ya AutoLISP yenye iko ndani yake tangu mwaka 1986. Kazi yake ilikuwa nyepesi kueleza. Unaipa mustari wa katikati ya ukuta, unaipa unene, kisha unaipa liste ya matundu: dirisha iko mbali gani na kona, ina upana gani. Programu inachora mistari miwili sambamba, inaikata penye kuna tundu, inafunga ncha, inaweka kadre ya mbao na ule upinde wenye kuonyesha mlango unafungukia upande gani. Nyumba ya vyumba vitatu ilikuwa inatoka kabla ya wenzangu kumaliza ukuta mmoja. Juri ilipiga makofi. Mi pia nilijipigia makofi.

Miezi michache nyuma ya kolasio, shangazi yangu akaniita. Ni mjane, anauza vitenge, alikuwa amenunua parsele Bukavu na anataka kujenga polepole. Akasema: "Tuko na enjenieri mu familia, nitalipa mwingine juu ya nini?" Nikamchorea. Madirisha saba, yote 120 kwa 120. Nikatoa kopi mbili: moja ya fundi wa kujenga, moja ya fundi wa mbao. Nikarudia mambo yangu.

Siku ya kuweka kadre nilikuwepo. Kadre saba za libuyu, zimepigwa randa vizuri, zikashushwa. Ya kwanza haikuingia. Ya pili haikuingia. Hata moja haikuingia. Muzee wa kujenga akashika plani akanionyesha na kidole: "Umeandika 120, nimeacha 120." Fundi wa mbao naye akatoa kopi yake: "Na mi umeniandikia 120, nimetengeneza 120." Wote wawili walikuwa na haki. Tundu ya 120 haiwezi kumeza kadre ya 120, na mbao yenyewe ilikuwa imekunywa mvua ya wiki nzima.

Tukaparua ukuta. Bloki tatu karibu na kona zikapasuka. Kadre zingine zikapunguzwa mpaka mfuo wa kupokea dirisha ukabaki mwembamba kama kidole cha mtoto. Shangazi akalipa siku mbili za ziada kwa mafundi wote wawili. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mutoto wangu, hii 120 ilikuwa ya nani?"

Swali lile njo kritiki yote. Mengine yenye nitasema hapa ni kujaribu kulijibu.

Kwanza tuangalie programu zenyewe zinafikiri namna gani. Katika AutoCAD ya kawaida, ukuta hauko. Kuko mistari. Tundu ni mahali mustari umekatika. Programu haijui kama mistari ile miwili ni ukuta wa bloki, barabara ao mfereji, na haikuahidi kwamba inajua. Kwa hiyo kosa la plani ya AutoCAD ni kosa letu, wazi kabisa.

Programu za aina ya pili, kama Revit ao ArchiCAD, zinaahidi zaidi. Ndani yake ukuta ni ukuta, dirisha ni dirisha. Ukiweka dirisha, ukuta unajifungua wenyewe. Ukitoa dirisha, ukuta unajifunga. Hata ile lugha ya pamoja ya kubadilishana maketi, IFC, yenye ni kiwango cha ISO 16739, inatenga vitu vitatu: ukuta, tundu yenye inatoboa ukuta, na dirisha yenye inajaza tundu. Ukifikiri vizuri, hiyo ni akili ya fundi kabisa. Tundu iko na jina lake, dirisha iko na jina lake. Yani waliotunga IFC walishaona swali la shangazi: kuko 120 ya tundu, na kuko 120 ya kadre, na haziko kitu kimoja.

Shida iko kwetu siye wenye kutumia. Ndani ya Revit, dirisha iko na vipimo vya upana na urefu, na pembeni kuko nafasi ya kuandika upana na urefu wa tundu kabla ya kadre kuingia. Mara nyingi ile nafasi ya pili inabaki tupu. Hakuna mtu anaijaza, plani inatoka, inapendeza, inapigwa muhuri. Chombo kilitupa masanduku mawili. Tulijaza moja, na lingine tukaliacha kwa fundi alijaze kwa hasara ya mwenye nyumba.

Pili, namba zenyewe zinatoka wapi? Fungua Revit na kiolezo cha kimetri cha Kiingereza, weka mlango bila kugusa kitu. Utapata mlango wa milimita 915 kwa 2134. Dirisha ya kwanza ni 915 kwa 1220. Wengi wetu tumeziona namba hizo, tukafikiri ni za kisayansi. Kumbe 915 ni inchi 36 zimevalishwa nguo ya metri. 2134 ni futi 7. 1220 ni futi 4. Ni vipimo vya duka za mbao za Marekani. Bukavu, Uvira ao Goma, fundi wa mbao anafanya mlango wa 80 ao 90 kwa 210, na bloki yenye iko ku shantie ni ya 40 kwa 20 kwa 20. Mutu akichora nyumba ya Panzi na mlango wa 915, ni kama ametuma mafundi wake wasome barua ya mutu mwingine.

Sisemi Wamarekani wametukosea. Walitengeneza kiolezo chao kwa shantie zao, na wao wanajua mahali ya kununua mlango wa futi 7. Mi naongea na siye: kiolezo ni kitu cha kubadilisha siku ya kwanza, mbele ya ukuta wa kwanza. Kama haujabadilisha, ujue uko unachora nyumba yenye tofali lake haliko soko yako.

Tatu, na hapa njo moyo wa jambo: ukuta wa bloki hauko kitambaa. Kitambaa unakata popote. Ukuta wa bloki uko na hatua zake, kama ngazi. Wajerumani wameandika jambo hili katika kanuni yao ya DIN 4172: hatua yao ni sentimita 12.5, pamoja na unene wa simenti ya sentimita 1 katikati ya tofali. Kipande cha ukuta chenye kuko wazi pande zote mbili kinapungua simenti moja. Tundu inaongeza simenti moja. Kwa hatua nane, ukuta ni 99, tundu ni 101. Hauna 100 hata ukitafuta. Mwanafunzi wa kwao anakariri hesabu hiyo mapema. Siye tuliandika 100, 120, 150, juu ya namba zenye kuisha na sifuri zinapendeza macho.

Tufanye hesabu ya kwetu. Nimepima bloki za shantie nyingi. Ziko 40, zingine kidogo chini, zingine kidogo juu, na simenti katikati yake inazunguka 2. Basi bloki nzima pamoja na simenti yake ni 42, na nusu yake ni 21. Hatua yetu ni 21. Sheria inakuwa hivi: kipande cha ukuta ni hatua mara 21, toa 2, tundu ni hatua mara 21, ongeza 2. Tundu ya hatua nne ni 86. Ya hatua tano ni 107. Ya hatua sita ni 128. Ile 120 yangu ya TFE iko wapi? Haiko. Iko katikati ya tano na sita, kwa hiyo fundi analazimika kukata bloki kwa kila mustari, kulia na kushoto, dirisha zote saba. Bloki ya simenti yenye haikukauka vizuri, ukiipiga nyundo, haikatiki, inavunjika. Vipande vyake vinarudishwa ukutani na simenti nyingi, na pale pembeni ya dirisha, mahali ukuta unapaswa kuwa na nguvu kuliko pengine, njo tunajaza takataka.

Sasa angalia namna plani inaweza kutoka kama programu inajua hatua. Ukuta wa mbele, sentimita 628 toka nje mpaka nje: hiyo ni hatua 30 toa 2. Weka madirisha mawili ya 107. Kipande cha kona 124, dirisha 107, kipande cha katikati 166, dirisha 107, kipande cha kona 124. Jumlisha: 628. Kila kipande kinajengwa na bloki nzima na nusu bloki, bila kuvunja ovyo. Kwa kwenda juu, kila mustari wa bloki ni 22. Chini ya dirisha mistari minne, 88. Juu ya dirisha mistari kumi, 220. Dirisha inabaki na 132. Ukiacha sentimita moja kila upande juu ya kadre kupumua na kusawazishwa, kadre ya mbao ni 105 kwa 130. Hapo njo kuko jibu la shangazi: 107 ni ya masoni, 105 ni ya fundi wa mbao. Namba mbili, watu wawili, na hakuna ugomvi.

Nne, kuko kitu yenye plani haionyeshi kabisa, na programu inatusaidia kusahau. Plani ni nyumba iliyokatwa na kisu cha kulala. Katika Revit ya kimetri, kisu kile kinapita milimita 1200, yani mita 1.20 juu ya sakafu. Kinapita katikati ya dirisha, kinaonyesha kadre vizuri. Lakini lento iko 2.20. Iko juu ya kisu, haionekani. Na kwa shantie nyingi za watu wenye kujenga polepole, lento ni mbao: mikaratusi, wakati mwingine muvula kama mwenye nyumba ana pesa. Mbao ile inabeba bloki, inabeba paa, na katika plani yetu nzuri haina hata mustari wa nukta nukta.

Lento ya mbao iko na madai yake. Lazima ilale juu ya ukuta kila upande, isishikiliwe na sentimita tano za huruma. Katika mfano wetu, ukiipa sentimita 19 kila upande, inachukua nafasi ya nusu bloki kamili, na urefu wake unakuwa 145. Haukati kitu. Tena mbao mbichi inapokauka inanyauka kwa upana wake, ukuta hauinyauki nayo, kwa hiyo kunafunguka mstari mwembamba juu ya dirisha na watu wanasema nyumba imelaaniwa. Ncha zake zikizikwa ndani ya simenti yenye unyevu, bila hewa, zinaoza kutoka ndani, na muchwa wanajua njia mbele yako. Vilevile mbao za dari na za paa zenye ncha zake zinaingia ukutani: mfuko wa kuzipokea lazima uwe mkubwa kuliko mbao, hewa izunguke, na mbao ifungwe na chuma ili isitoke siku ardhi inatikisika. Mafundi wa Marekani wa zamani walikuwa wanakata ncha ya mbao ile kwa mshazari, ili moto ukiwaka na mbao ikaanguka, itoke mfukoni bila kuinua ukuta na kuuangusha. Kwa kazi ndogo kama hiyo ya msumeno, mtu alifikiria kifo cha nyumba mbele ya kuijenga. Plani zetu zinafikiria nini?

Tano, na hapa naomba tusicheke. Siye watu wa Kivu tunaishi juu ya ardhi yenye kutembea. Wengi wetu tulikuwa watoto siku ya tarehe 3 Februari 2008, siku ya Mungu, tetemeko ilipotikisa Bukavu na upande wa pili wa Ruzizi kule Rwanda, na watu wakafa. Goma imeona Nyiragongo mwaka 2002 na tena mwaka 2021, na kisha ya kila mlipuko ardhi iliendelea kutetemeka siku nyingi. Kwa ukuta wa bloki bila nguzo za simenti na chuma, tundu njo mahali ufa unaanzia, kona ya dirisha ikienda mshazari. Mtu yeyote amewahi kuona ufa ule.

Kuko mwongozo wa Chama cha Kimataifa cha Uhandisi wa Matetemeko ya Ardhi, wa mwaka 1986, ulioandikwa kwa ajili ya nyumba kama zetu, zenye hazipiti kwa enjenieri. Unasema mambo yenye mtoto wa sekondari anaweza kupima na metre ya fundi. Tundu ikae mbali na kona ya ndani angalau robo ya urefu wake wa kwenda juu, na isiwe chini ya sentimita 60. Kipande cha ukuta katikati ya matundu mawili kiwe angalau nusu ya urefu wa tundu fupi, na kisiwe chini ya 60. Kwa nyumba ya chini tu, upana wa matundu yote ukijumlishwa usipite nusu ya urefu wa ukuta. Kwa nyumba yenye ghorofa moja juu, usipite asilimia 42.

Pima mfano wetu. Kipande cha kona ni 124. Toa unene wa ukuta wa pembeni, 20, inabaki 104. Inapita 60. Katikati ni 166, inapita. Matundu mawili ni 214 kwa ukuta wa 628, kama asilimia 34. Inapita. Sasa pima ile plani yangu ya shangazi. Dirisha ya jikoni niliiweka sentimita 30 toka kona ya ndani, juu nilitaka mwanga uangukie meza ya kukatia mboga. Ilipendeza sana ku ekra. Ni pale pale bloki zilipasuka tulipoparua. Programu yangu haikusema kitu. Programu kubwa za kulipa nazo hazingesema kitu, juu hakuna mtu aliziambia tunaishi wapi.

Najua jibu yenye itakuja. Kuko mtu atasema: "Ndugu, ordinatere ni chombo. Mbele ya ordinatere tulichora na rotringi kwa kalke, na makosa yalikuwepo." Ni kweli, na sitaki turudi kwa kalke. Ordinatere inatupa vitu vikubwa: ukisogeza ukuta, kila dirisha inafuata, idadi ya bloki inatoka yenyewe, mutu wa Uvira anaweza kutuma plani Bukavu usiku na asubuhi kazi inaanza. Lakini kuko tofauti moja. Mwenye kuchora na mkono alikuwa anapima kila dirisha, moja moja. Kazi ile ya kuchosha ilimpa nafasi saba za kujiuliza, hata kama hakuitumia. Mi niliandika 120 mara moja, programu ikairudia mara saba. Kosa lilikuwa moja, hasara zikawa saba. Chombo chenye haraka kinataka mtu mwenye kufikiri mbele, juu hakuna nafasi ya kufikiri katikati.

Mwingine atasema: "Mafundi wetu wanajua, watarekebisha ku shantie." Hapo sikubali kabisa. Ni kweli wanajua. Muzee aliyejenga nyumba ya shangazi anajua hatua ya bloki bila kuandika hesabu. Anaweka bloki kavu chini, anazipanga, anaona. Kwa kawaida anasimamisha kadre kwanza, anaipimia na timazi, kisha anajenga ukuta kandokando yake. Kwa njia hiyo kadre yenyewe njo kipimo, na tundu haiwezi kukosa. Kwa nini safari ile hakufanya hivyo? Nilimuuliza. Akanijibu: "Juu kulikuwa plani ya enjenieri. Nikasema huyu amesoma, anajua yake." Bandugu, pale njo niliumia. Aliacha akili yake kwa heshima ya karatasi yangu. Diplome yetu inanyamazisha watu wenye kujua, na kama karatasi haina kitu ndani, nyumba inabaki bila akili ya mtu yeyote.

Kwa hiyo nimeandika programu yangu upya, na nitaeleza namna ili mwenye kutaka achukue. Sasa haikubali upana kwa sentimita. Inaniuliza kwanza: bloki yako ni ngapi, simenti yako ni ngapi? Namba zile lazima nizipime ku shantie, bloki kumi nikizipanga chini, nisizitoe kichwani. Kisha inaniuliza dirisha ni hatua ngapi. Yenyewe inahesabu tundu, inatoa sentimita moja kila upande, inapata kadre. Inaongeza nusu bloki kila upande, inapata lento na kuichora kwa nukta nukta juu ya plani. Kisha inapima umbali wa kona, kipande cha katikati, na jumla ya matundu. Kama kimoja hakipiti, inakataa kuchora na inaniambia ni ukuta gani. Mwisho inatoa karatasi mbili zenye majina tofauti: ya masoni iko na matundu tu, ya fundi wa mbao iko na kadre na lento tu. Hakuna mtu anapata namba ya mwenzake.

Haihitaji programu ya bei. AutoLISP inatosha kama uko na AutoCAD. Lakini tuseme ukweli: leseni ya bure ya mwanafunzi ni ya mwaka mmoja mmoja, na siku yenye si mwanafunzi tena, mlango unafungwa. Wengi wetu tunaendelea na kopi za kuvunja, tunajua. FreeCAD ni ya bure kwa wote, inakubali kuandikiwa amri kwa lugha ya Python, na inasoma IFC, ile yenye kutenga ukuta, tundu na dirisha. Kama kuko kazi ya pamoja yenye sisi wahitimu tunaweza kufanya bila kungojea projekti ya mtu, ni kiolezo chetu: bloki ya kwetu, milango ya 80 na 90, kadre za mbao za soko letu, lento yenye kuonekana, na zile sheria za kona zikiwa ndani. Kingeanza na watu watatu na Jumamosi chache.

Na kwa walimu wetu wenye wanasoma page hii, kwa heshima: juri ya TFE yangu iliniuliza maswali juu ya kodi ya programu, juu ya bibliografia, hata juu ya rangi ya fonti. Hakuna mutu aliniuliza bloki yangu ni ya ngapi. Swali moja tu lingetosha kuniangusha, na lingemwokolea shangazi siku mbili za kulipa mafundi. Muliulize.

Nyumba ya shangazi imesimama, Mungu asifiwe. Kwa ile kona ya jikoni tulirudi mwaka uliofuata, tukafunga dirisha, tukaifungua tena hatua tatu mbali zaidi, na safari hii Muzee alisimamisha kadre kwanza. Nililipa mwenyewe, kidogo kidogo, na mshahara wa kwanza. Shangazi anasema mwanga umepungua juu ya meza ya mboga. Namwambia aisogeze meza.

Wewe uko na plani fulani ndani ya ordinatere yako leo. Ifungue. Chagua dirisha moja tu. Andika pembeni yake ni ngapi kwa masoni, ni ngapi kwa fundi wa mbao, na lento yake inalala sentimita ngapi. Ukikosa moja kati ya hizo tatu, usiipeleke bado ku shantie.